Kujaa Kamili: Kuchaji na Kutunza Betri Mpya za Maji katika Gari-Nyumba

Betri ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya gari-nyumba inaweza kudumu miaka mitano, sita au hata zaidi, lakini wamiliki wengi hulazimika kuibadilisha mapema sana, nao huamini kwamba imechoka kwa kutumiwa mno. Mara nyingi ukweli ni mwingine: betri hiyo ilitumiwa kwa kiasi cha kawaida, ikachajiwa kila siku, ila haikuwahi kufikishwa kwenye ujazo wake kamili, na kila siku iliyobaki na upungufu kidogo ikaiacha na uwezo mdogo kuliko ule iliokuwa nao jana yake. Hoja ya sura hii ni kwamba kazi kubwa ya mwenye betri mpya ni kuhakikisha inajaa kweli, na kwamba kujaa huko kuna vipimo vyake, ambavyo taa ya kijani ya chaja haiwezi kuchukua nafasi yake.

Gari-nyumba ni gari lenye injini ambalo ndani yake mna kitanda, jiko, choo na friji, na ambalo lilienea hasa Amerika Kaskazini baada ya kampuni ya Winnebago, katika mji wa Forest City jimboni Iowa, kuanza kuyaunda mwaka 1966. Gari la aina hii huwa na mifumo miwili ya betri inayotenganishwa. Mfumo wa kwanza ni wa injini, na betri yake ina pleti nyingi nyembamba zinazoweza kutoa mkondo mkubwa wa umeme kwa sekunde chache ili kuwasha gari. Mfumo wa pili ni wa nyumba, unaohudumia taa, pampu ya maji na feni ya hita, na betri zake zina pleti nene zinazostahimili kutoa mkondo mdogo kwa saa nyingi, kisha kuchajiwa na kutumiwa tena mamia ya mara. Betri hizi za pili huitwa betri za mzunguko mrefu, na ndizo zinazozungumziwa hapa.

Mfano utakaotumika katika sura nzima ni wa betri mbili za aina ya T-105 za kampuni ya Trojan ya California, ambazo asili yake ni vigari vya kubebea wachezaji wa gofu, na ambazo wenye magari-nyumba wamezipenda kwa miaka mingi kutokana na uimara wa pleti zake. Kila moja ina volti 6, uzito wa kilo 28 hivi na uwezo wa ampea-saa 225. Zikiunganishwa kwa mfuatano, yaani kichwa chanya cha moja kikafungwa kwenye kichwa hasi cha nyingine, hutoa volti 12 huku ampea-saa zikibaki 225. Ampea-saa ni kipimo cha kiasi cha umeme kilichohifadhiwa: ampea moja ikitumika kwa saa moja, ampea-saa moja imeondoka. Hata hivyo kipimo hiki hutegemea kasi ya matumizi, kama alivyoonyesha mwanasayansi wa Ujerumani Wilhelm Peukert mwaka 1897, na ndiyo sababu betri hiyo hiyo inayotoa ampea-saa 225 ikitumiwa polepole kwa saa 20 hutoa 185 tu ikimalizwa kwa saa 5.

Kinachotokea ndani ya betri

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ikiwa betri ya kwanza iliyoweza kuchajiwa upya, na mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, akaiboresha kwa kupaka pleti rojo la misombo ya risasi ili zihifadhi umeme mwingi zaidi. Kanuni yake haijabadilika tangu wakati huo. Kila seli, yaani kila chumba kimoja cha betri, ina pleti chanya za dioksidi ya risasi na pleti hasi za risasi laini yenye vitundu kama sifongo, zote zikiwa zimezama katika elektroliti, ambayo ni mchanganyiko wa maji na asidi ya salfuriki. Seli moja iliyojaa hutoa volti 2.1 hivi, kwa hiyo betri ya volti 6 ina seli tatu, na zile mbili za mfano huu kwa pamoja zina seli sita.

Umeme unapotumika, asidi huingia ndani ya pleti za pande zote mbili na kuzigeuza kuwa salfeti ya risasi, huku maji yakiongezeka katika elektroliti. Betri inapochajiwa mambo hurudi nyuma: salfeti huvunjika, asidi hurejea kwenye maji, na pleti hurudia hali yake ya awali. Kutokana na mzunguko huo yanafuata mambo mawili yanayoongoza matunzo yote ya betri za maji. Kwanza, kwa kuwa asidi ni nzito kuliko maji, uzito wa elektroliti hupanda betri inapojaa na kushuka inapoisha, hivyo kimiminika chenyewe kinatunza hesabu ya umeme uliopo. Pili, salfeti inayoundwa wakati wa matumizi huwa chembechembe ndogo ambazo huvunjika kwa urahisi zikishughulikiwa mapema, lakini zikiachwa kwa siku na majuma hukua na kuwa fuwele ngumu ambazo mkondo wa kawaida wa chaja hauziwezi tena. Sehemu ya pleti iliyofunikwa na fuwele hizo imetoka kazini, na uwezo wa betri umepungua kwa kiasi hicho.

Kabla ya matumizi ya kwanza

Betri inayouzwa ikiwa mpya haikufika dukani jana. Imesafirishwa, imekaa ghalani, na muda wote huo imekuwa ikipoteza umeme wake yenyewe bila kuunganishwa na kitu chochote, kwa kasi inayoongezeka kadiri hali ya hewa inavyokuwa ya joto. Kwa sababu hiyo mnunuzi makini huanza kwa kutazama alama ya tarehe iliyogongwa kwenye betri, ambayo katika betri nyingi za Marekani ni herufi ya mwezi, A ikiwa Januari na B Februari, pamoja na tarakimu ya mwisho ya mwaka. Betri zitakazofanya kazi pamoja zinapaswa kuwa za aina moja na za tarehe zinazokaribiana, kwa kuwa mpya ikifungwa na kuukuu, ile kuukuu hujaa na kuisha kabla ya mwenzake, na zote mbili hudhoofika.

Hatua inayofuata ni kufungua vizibo na kutazama kiwango cha kimiminika katika kila seli. Ikiwa sehemu ya juu ya pleti imeachwa wazi, huongezwa maji kiasi cha kuzifunika tu, kisha betri huchajiwa mpaka ijae, na baada ya hapo ndipo seli hujazwa mpaka kimiminika kibaki milimita 3 hivi chini ya mdomo wa shimo. Utaratibu huu una sababu yake: elektroliti huongezeka ujazo inapochajiwa na kupata joto, na seli iliyojazwa mpaka juu kabla ya kuchajiwa itamwaga asidi nje, asidi ambayo itakula chuma cha gari na ambayo betri haitaipata tena. Maji yanayoongezwa ni yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, kwa sababu maji ya bomba au ya kisima yana chumvi na madini yanayochafua pleti. Asidi haiongezwi kamwe, kwa kuwa katika matumizi ya kawaida kinachopotea ni maji peke yake.

Katika nchi za Afrika Mashariki, ambako betri za maji hutumika sana kuhifadhi umeme wa sola majumbani, betri nyingine huuzwa zikiwa kavu na fundi huzijaza asidi mbele ya mnunuzi. Betri ya namna hiyo inahitaji kupumzishwa kwanza ili pleti zinyonye asidi, kisha ichajiwe kikamilifu kabla ya kupewa kazi, hata kama muuzaji anasisitiza kwamba iko tayari kwa kuwa imewasha taa dukani. Betri yenye nusu ya uwezo wake huwasha taa vizuri kabisa.

Jambo lingine linalowashangaza wamiliki ni kwamba betri mpya ya mzunguko mrefu haina uwezo wake wote siku ya kwanza. Rojo la pleti hufunguka polepole kadiri linavyotumika, na huchukua mizunguko kati ya 50 na 100 ya kutumia na kuchaji kabla betri haijafikia kilele chake. Katika kipindi hicho inashauriwa kutoitumia zaidi ya nusu ya ujazo wake. Baadaye inaweza kuvumilia kushushwa hadi ibaki asilimia 20, ingawa atakayeizoesha kubaki juu ya nusu ataishi nayo muda mrefu zaidi.

Hatua tatu za kuchaji

Chaja nzuri hujaza betri ya maji kwa hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, inayoweza kuitwa ya kujaza, chaja hutoa mkondo wote inaoweza huku volti zikipanda taratibu. Kwa betri za mfano huu mkondo unaofaa ni kati ya asilimia 10 na 13 ya ampea-saa zake, yaani ampea 22 hadi 29, na hatua hii huirudisha betri hadi asilimia 80 au zaidi kidogo. Katika hatua ya pili, ya kushibisha, chaja hushikilia volti zisizobadilika, kwa kawaida kati ya 14.4 na 14.8 kwa mfumo wa volti 12, na mkondo unaoingia hupungua wenyewe kadiri salfeti inavyokwisha. Hatua ya tatu ni ya kudumisha, ambapo volti hushushwa hadi kati ya 13.2 na 13.5 ili betri iliyojaa ibaki imejaa bila kuchemka.

Hatua ya pili ndiyo inayokatizwa mara nyingi zaidi, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Asilimia 20 ya mwisho huweza kuchukua saa tatu, nne au zaidi, muda sawa na ule uliotumika kujaza sehemu kubwa iliyotangulia, kwa sababu salfeti iliyobaki imejificha ndani ya pleti na haiwezi kuharakishwa kwa kuongeza mkondo. Anayehesabu kwa saa za chaja huona kwamba sehemu hii ya mwisho ina gharama kubwa na faida ndogo, kwa hiyo huikata, bila kutambua kwamba chembe anazoziacha leo ndizo zitakazogeuka fuwele mwezi ujao. Hatua hii huhesabiwa kuwa imekamilika pale ambapo mkondo unaoingia umeshuka hadi asilimia 1 hadi 3 ya ampea-saa za betri, yaani ampea 2 hadi 6 hivi katika mfano huu, huku volti zikiwa bado kwenye kiwango cha kushibisha.

Ni muhimu pia volti hizo zipimwe kwenye vichwa vya betri. Chaja iliyofungwa chini ya kitanda na kuunganishwa na betri kwa waya mwembamba wa mita kadhaa inaweza kuonyesha 14.4 kwake huku betri ikipokea 13.9 tu, kwa kuwa waya hula tofauti hiyo. Waya mnene na mfupi, vichwa visivyo na kutu na viungo vilivyokazwa vizuri vinaweza kuongeza maisha ya betri kuliko chaja mpya ya bei kubwa iliyofungwa kwenye waya ule ule wa zamani.

Umeme unatoka wapi

Ugumu wa kujaza betri za gari-nyumba huonekana wazi katika jangwa la Quartzsite, jimboni Arizona, ambako serikali ya Marekani imetenga ardhi ya wazi kwa wasafiri wa kukaa muda mrefu kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, na ambako maelfu ya magari-nyumba huegeshwa kila msimu wa baridi bila kuunganishwa na umeme wa gridi. Usiku wa jangwani ni baridi. Feni ya hita ya gesi hula ampea 7 hivi, na ikizunguka kwa jumla ya saa 5 usiku kucha imetumia ampea-saa 35. Zikijumlishwa taa, pampu, redio, kifaa cha kunusa gesi na umeme mdogo unaotakiwa na friji ya gesi, matumizi ya siku nzima hukaribia ampea-saa 60, ambazo ni zaidi kidogo ya robo ya betri za mfano huu.

Chanzo cha kwanza cha kurudisha umeme huo ni konveta, kifaa kinachogeuza umeme wa volti 120 kutoka jenereta au gridi kuwa wa volti 12. Konveta nyingi za magari ya zamani hubaki kwenye volti 13.6 hivi muda wote, kiwango ambacho ni kikubwa kidogo kwa kudumisha na ni kidogo mno kwa kushibisha. Mwenye gari anayewasha jenereta kwa saa mbili kila asubuhi kupitia konveta ya aina hiyo huiacha betri ikiwa imejaa sehemu tu, akaitumia tena usiku, akairudishia sehemu tu kesho yake. Taa zake zinawaka na haoni kasoro yoyote, mpaka msimu unapokaribia kwisha na hita kuanza kuzimika alfajiri.

Oltaneta, yaani kifaa kinachozalisha umeme injini inapozunguka, nayo hutegemewa na wengi kuliko inavyostahili. Imepangwa kuihudumia betri ya injini, ambayo hujaa haraka, na kidhibiti chake kikiona hivyo hupunguza volti wakati betri za nyumba, zilizo mbali nyuma ya waya mrefu, bado zina njaa. Safari ya saa tano huzisogeza mbele, lakini ni nadra kuzifikisha mwisho.

Paneli za sola zina kasi ndogo, na kasi hiyo ndogo ndiyo inayozifaa kwa hatua ya kushibisha. Paneli za wati 300 zilizoinuliwa kuelekea kusini, ambako jua la Arizona huwa wakati wa baridi, zinaweza kurudisha ampea-saa 80 hivi katika siku isiyo na mawingu, kiasi kinachotosha kufidia 60 zilizotumika pamoja na hasara ya kuchaji, ambayo katika betri za maji hufikia asilimia 15 au 20. Mpango unaofaa, basi, ni kuiwasha jenereta mapema asubuhi, wakati betri iko chini na inaweza kumeza mkondo mkubwa, kisha kuliachia jua saa zote zilizobaki. Anayeiwasha jioni huchoma mafuta kwa saa nyingi ili kuingiza ampea chache tu, kwa sababu kufikia wakati huo betri haipokei zaidi ya hapo.

Ushahidi wa kujaa

Volti ni ushahidi dhaifu zinapopimwa vibaya. Betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti nyingi kuliko hali yake halisi, na inayotumika huonyesha pungufu, hivyo kipimo cha maana ni kile kinachochukuliwa baada ya betri kupumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa. Katika hali hiyo betri za mfano huu huonyesha volti 12.7 zikiwa zimejaa, 12.5 zikiwa na asilimia 80, na 12.1 zikiwa nusu. Pengo kati ya kujaa na kufikia nusu ni volti 0.6 tu, na multimita ya bei rahisi inayokosea kidogo inaweza kufuta sehemu yake kubwa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi hutoka kwenye kimiminika, na hupimwa kwa haidromita, bomba la kioo lenye mpira wa kunyonyea na kielezi kinachoelea ndani yake. Kifaa hiki huonyesha uzito linganishi, yaani uzito wa elektroliti ukilinganishwa na wa maji yenye ujazo huo huo. Kwa betri za T-105 seli iliyojaa husoma 1.277, iliyobaki na asilimia 80 husoma 1.238, na iliyofikia nusu husoma 1.172. Elektroliti hunyonywa na kurudishwa mara kadhaa kabla ya kusoma, ili asidi iliyotulia ndani ichanganyike, na kipimo hakichukuliwi mara baada ya kuongeza maji, kwa kuwa maji hayo bado yanaelea juu. Joto nalo huingia katika hesabu: kwa kila nyuzi 5.5 za Selsiasi chini ya 27 hupunguzwa 0.004, na juu ya hapo huongezwa kiasi hicho hicho. Asubuhi yenye nyuzi 5, kwa mfano, elektroliti inayosoma 1.290 thamani yake halisi ni 1.274.

Mwenye betri mpya anafaidika sana akiandika vipimo vya seli zote sita mara baada ya kuzijaza kwa mara ya kwanza. Kumbukumbu hiyo huwa kigezo cha betri yake mwenyewe, kwa kuwa viwango vya kujaa hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine, na watengenezaji wengine hutumia asidi hafifu zaidi katika betri za nchi za joto. Baada ya mwaka, seli inayoanza kubaki nyuma ya wenzake itatambuliwa mapema, wakati bado inaweza kusaidiwa.

Maji na kusawazisha

Volti zinapovuka 14.1 hivi, sehemu ya umeme unaoingia huacha kuvunja salfeti na kuanza kuyavunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni, na ndipo betri husikika ikichemka kwa sauti ndogo. Mchemko huo unapokuwa wa kiasi una faida, kwa sababu mapovu huikoroga elektroliti na kuzuia asidi nzito kutulia chini ikiacha maji juu, hali inayoitwa utabaka, ambayo hula sehemu ya chini ya pleti na kuidhoofisha ile ya juu. Gharama yake ni maji, na gharama hiyo hupanda kadiri betri inavyozeeka, kwa kuwa fremu za pleti za mzunguko mrefu huimarishwa kwa antimoni, madini ambayo huongeza kuchemka miaka inavyokwenda. Katika miezi ya kwanza inatosha kukagua maji kila mwezi, kisha kupanga ratiba kulingana na kasi inayoonekana. Pleti iliyoachwa wazi kwa hewa huharibika, na kuifunika baadaye hakuirudishi.

Pale ambapo seli zimetofautiana kwa zaidi ya 0.030 katika haidromita, au betri imeshindwa kufikia kiwango chake hata baada ya kushibishwa kwa muda wa kutosha, huja zamu ya kusawazisha. Hii ni kuichaji kwa makusudi kupita kiasi, kwa volti kati ya 15.5 na 16.2 na mkondo mdogo, baada ya kujazwa kwa njia ya kawaida. Vipimo huchukuliwa kila saa, na kazi husimamishwa pale ambapo namba zimeacha kupanda. Vifaa vyote vya volti 12 huzimwa au kutenganishwa kwanza, kwa kuwa volti hizo zinaweza kuunguza taa na mitambo ya friji. Seli ambayo baada ya hapo bado iko nyuma ya wenzake kwa 0.050 ina kasoro isiyoweza kutibika kwa chaja. Betri inayojaa vizuri kila juma haihitaji kusawazishwa mara kwa mara, na kuifanyia hivyo bila sababu ni kuzila pleti zake bure.

Joto, baridi na gesi

Joto huharakisha kila kitu ndani ya betri, uharibifu ukiwemo, na kanuni inayokubaliwa na watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa nusu. Chaja nayo inapaswa kurekebishwa kwa kuondoa volti 0.03 kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na kuongeza kiasi hicho hicho chini yake. Kwa hesabu hiyo betri inayoshibishwa kwa 14.8 katika hali ya kawaida inataka 14.35 ikiwa na joto la nyuzi 40, na 15.4 ikiwa na nyuzi 5. Chaja isiyo na kihisi cha joto huichemsha betri kiangazi na kuipunja kipupwe.

Baridi kali ina hatari ya namna yake. Elektroliti ya betri iliyojaa haigandi mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 60 hasi, lakini ile ya betri iliyoisha, ambayo imekuwa karibu maji matupu, huweza kuganda kwenye nyuzi 7 hasi tu na kupasua kasha lake. Katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani, ambako magari-nyumba huhifadhiwa miezi mingi, kifaa cha kunusa gesi peke yake, kikila sehemu moja ya kumi ya ampea, huondoa ampea-saa 2.4 kwa siku na zaidi ya 70 kwa mwezi. Kwa hiyo betri hujazwa, waya wake hasi ukafunguliwa, na vipimo vikarudiwa kila mwezi. Betri iliyoganda haichajiwi kabla ya kuyeyuka na kukaguliwa.

Haidrojeni inayotoka wakati wa kuchaji huweza kulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Sanduku la betri linapaswa kupumulia nje ya gari na kutengwa kabisa na vifaa vya gesi vyenye moto, na anayefungua nyaya huanza na waya hasi ili spana yake isizue cheche kwenye bodi. Miwani na glavu ni za lazima kila vizibo vinapofunguliwa. Asidi iliyomwagika hutulizwa kwa bikaboneti ya soda iliyoyeyushwa katika maji, kwa uangalifu ili mchanganyiko huo usiingie ndani ya seli. Harufu ya mayai yaliyooza ni ishara ya kuzima chaja mara moja na kufungua milango, kwa sababu betri imezidishiwa chaji au ina seli iliyokufa, na inatoa gesi yenye sumu.

Mwisho wa betri

Hata betri iliyotunzwa vizuri huisha, kwa kuwa rojo la pleti hudondoka kidogo kidogo na kutua chini ya seli. Marekani mnunuzi hutozwa amana ambayo hurudishiwa akileta betri kuukuu, na utaratibu huo umesaidia karibu risasi yote ya betri kurudi viwandani na kuyeyushwa upya. Kazi hiyo ikifanywa ovyo matokeo yake ni mabaya, kama ilivyothibitika Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ambao wakazi wake walidhuriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyushia betri kilichofungwa mwaka 2014, na ambao mahakama mwaka 2020 iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, uamuzi ambao ulitenguliwa kwenye rufaa na kisha kurejeshwa na Mahakama ya Juu mwaka 2024.

Jozi ya T-105 ina kilo 56, nyingi zikiwa za risasi. Gari-nyumba linalobadilisha jozi hiyo kila mwaka wa pili litakuwa limepeleka tanuruni jozi tatu katika kipindi ambacho betri iliyojazwa ipasavyo ingetumika moja tu, na tofauti kati ya matokeo hayo mawili imo katika haidromita ya bei ndogo, chupa za maji yaliyokenekwa, waya wa unene unaostahili, na zile saa chache za mwisho za kuchaji ambazo mwenye gari alikubali kuzisubiri.